Kwa nini msomaji wa ‘Mashimo ya Mfalme Sulemani’ alidai shilingi zake 20

MZEE mmoja fundi wa viatu, ambaye umri wake umepita miaka 70, alisimama katikati ya filamu katika kibanda cha video mtaani Kawangware, si mbali na steji ya 46, akamtaka mwenye kibanda amrudishie shilingi zake 20.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikigonga mabati, na vijana wapatao 30 walikuwa wamebanana kwenye mabenchi wakingoja mechi ya jioni, ambayo ndiyo hasa biashara ya vibanda hivi. Filamu ilikuwa ya kupitishia wakati tu. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mlango kwa kuwa fundi huyo alikuwa na viatu vyangu, na mahali pake pa kazi panatazamana na kibanda hicho.

“Hiki si kitabu,” mzee alisema kwa sauti. “Kitabu hiki ninakijua. Mmetudanganya.”

“Mzee wangu, hapa hatuuzi vitabu,” mwenye kibanda akamjibu, na vijana wakaangua kicheko.

Pesa zake alirudishiwa hatimaye, kwa heshima ya mvi zake na pengine kwa hofu kwamba angeendelea kuhutubu hadi mpira uanze. Lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani, nami nimeona linastahili kujibiwa kwa utaratibu kuliko lilivyojibiwa siku ile. Kwa nini mtu aliyekipenda kitabu huumia anapokiona kwenye skrini? Na je, ana haki ya kuumia, au ni ukaidi wa uzee?

Kwanza tumtendee haki mzee. Kilichomponza ni ubao. Mwenye kibanda alikuwa ameandika kwa chaki, nje, jina la filamu ya siku hiyo. Kwenye diski jina lilikuwa la Kiingereza, naye akalitafsiri kwa kichwa chake mwenyewe: “Mashimo ya Mfalme Sulemani”. Hakujua kwamba kwa kuyaandika maneno hayo manne alikuwa ameandika jina la kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vilikisoma hadi kurasa zikalegea. Fundi aliyaona maneno hayo kutoka upande wa pili wa njia, akaweka sindano chini, akavuka.

Riwaya yenyewe ni ya Mwingereza Henry Rider Haggard, aliyekuja Natal, kusini mwa Afrika, mwaka 1875 akiwa kijana wa miaka 19. Aliichapisha mjini London mnamo Septemba 1885. Inasimuliwa kwamba aliiandika kwa kubishana na nduguye kama angeweza kutunga kisa kizuri kuliko kile ambacho wasomaji wa Kiswahili walikuja kukijua kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Iwe kweli au la, kitabu kiliuzwa mno, na hakijawahi kukosekana madukani tangu hapo.

Mwaka 1929 kikatoka kwa Kiswahili, kikiwa kimefasiriwa na Frederick Johnson. Msomaji akumbuke ni wakati gani huo. Mwaka mmoja kabla yake, wajumbe walikuwa wamekutana Mombasa na kuamua kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka mmoja baadaye, 1930, ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ile ambayo baada ya miaka mingi ilikuja kuzaa TUKI ya Dar es Salaam, na katibu wake wa kwanza akawa Johnson huyo huyo. Kwa hiyo Mashimo ya Mfalme Sulemani hakikuwa kitabu cha hadithi tu. Kilikuwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo ambavyo Kiswahili sanifu kilijaribia miguu yake. Fundi wetu, mtoto wa bara ambaye nyumbani kwao hakikusemwa Kiswahili cha namna hiyo, anasema alijifunzia humo maneno ambayo mpaka leo wateja wake humwomba awaeleze.

Hadithi inajulikana, ila kwa faida ya waliokikosa nitaigusia. Allan Quatermain, mwindaji wa tembo anayejiita mwoga, anaongozana na Sir Henry Curtis na Kapteni Good kwenda kumtafuta ndugu yake Sir Henry aliyepotea akiyatafuta mashimo ya almasi. Wanafuata ramani ya Mreno wa kale. Mtumishi wao ni Umbopa, mtu mrefu, mkimya, asiyenyenyekea kama watumishi wengine. Wanavuka jangwa nusura kiu iwamalize, wanapanda milima yenye theluji, na upande wa pili wanaikuta nchi ya Wakukuana, yenye barabara ya mawe, majeshi yenye vikosi na nidhamu, na mfalme mkatili aitwaye Twala anayeshauriwa na kizee mchawi, Gagool, ambaye umri wake hakuna ajuaye. Hapo ndipo Umbopa anapofunua tumbo lake na kuonyesha chale ya nyoka iliyomzunguka kiunoni. Yeye ndiye Ignosi, mfalme wa haki.

Kwa mtoto wa shule wa miaka ya 1960, nchi ikiwa imetoka tu kupata uhuru, ukurasa ule haukuwa jambo dogo. “Mtumishi alikuwa mfalme,” fundi aliniambia huku akiuvuta uzi kwa meno. “Mimi niliusoma ukurasa huo mara kumi kabla ya kuendelea mbele.”

Sasa njoo kwenye filamu. Zimetengenezwa kadhaa kutokana na kitabu hiki, lakini nne ndizo zinazotajwa zaidi: ya Uingereza ya 1937, ya Marekani ya 1950, ile ya 1985 iliyopigwa Zimbabwe, na ya televisheni ya 2004. Kila moja ina ubora wake. Ile ya 1937 ilimpa nafasi ya Umbopa mwimbaji mashuhuri Mmarekani mweusi, Paul Robeson. Ya 1950 ilipigwa katika ardhi yetu wenyewe, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji, ikapata Oscar mbili, moja ya upigaji picha na nyingine ya uhariri. Picha zake za wanyama wakitimua mbio zilipendwa hivi kwamba kampuni iliyoitengeneza iliendelea kuzichomeka katika filamu zake nyingine kwa miaka. Na katika ile ya 2004, Umbopa alikuwa Mkenya, marehemu Sidede Onyulo, ambaye wengi wanamkumbuka kama mpishi Owuor katika filamu ya Kijerumani iliyotokana na riwaya ya Stefanie Zweig kuhusu utoto wake nchini Kenya, filamu iliyotwaa Oscar mwaka 2003. Onyulo alionekana pia katika ‘The Constant Gardener’ ya 2005, iliyotolewa katika riwaya ya John le Carré na ambayo sehemu yake ilipigwa hapa hapa Kibera.

Hata hivyo, filamu zote nne zinafanya jambo moja ambalo kitabu kinalikataza waziwazi. Mwanzoni kabisa mwa masimulizi yake, Quatermain anajigamba kwamba katika kisa chote hiki hamna mwanamke wa kuhesabiwa isipokuwa msichana Mkukuana aitwaye Foulata, na Gagool, kama huyo naye ni mwanamke. Watengeneza filamu walisoma maneno hayo, wakafunga kitabu, wakamtia mwanamke wa Kizungu. Mwaka 1937 ni binti anayemtafuta baba yake. Mwaka 1950 ni mke anayemtafuta mumewe. Mwaka 1985 ni binti tena na baba yake tena. Mwaka 2004 ni vivyo hivyo, baba na binti. Inaelekea katika Hollywood hakuna mzee anayeweza kupotea Afrika bila kuacha binti mrembo nyuma.

Kisa cha mabadiliko haya si siri. Filamu ni biashara ya fedha nyingi zinazotolewa kabla mtu yeyote hajanunua tikiti, na mwenye fedha hutaka kuona mapenzi kati ya nyota wawili ambao sura zao zitajaza mabango. Kitabu chenye wanaume watatu wakitembea jangwani hakimpi bango. Stewart Granger peke yake hakutosha mwaka 1950. Alihitajika Deborah Kerr kando yake.

Sababu ya pili ni urefu. Kitabu kina sura 20. Filamu ya 1937 ni ya dakika 80, ya 1950 ni dakika 103, na ya 1985 ni kama dakika 100. Watunzi wa mswada wa filamu hukadiria ukurasa mmoja wa mswada kuwa dakika moja ya skrini, kwa hiyo anayeigeuza riwaya huwa na kurasa mia moja tu za kutia yote, nazo nyingi ni nafasi tupu na maneno ya mazungumzo. Lazima akate. Hapa nakiri kwamba mimi, ambaye kwa miaka mingi kazi yangu mezani imekuwa kukata habari za wenzangu ili ziingie katika nafasi iliyobaki kando ya tangazo la sabuni, sina haki kubwa ya kumnyoshea kidole mkata hadithi. Nimewahi kumkatia mwandishi aya ambayo ndiyo pekee aliyoipenda. Naijua sura ya mtu anapoiona kazi yake asubuhi gazetini.

Lakini kukata ni jambo moja, na kubadilisha sauti ni jingine, na hili la pili ndilo linalouma bila mtu kujua linamuuma wapi. Kitabu hiki kinasimuliwa na Quatermain mwenyewe. Utamu wake uko katika namna anavyojicheka, anavyoihesabu hofu yake, anavyomdhihaki Kapteni Good kwa miwani yake ya jicho moja, meno yake ya bandia na miguu yake myeupe iliyobaki wazi mbele ya Wakukuana walioamini kuwa ni ishara ya mbinguni. Kamera haiwezi kusema “mimi”. Inamwonyesha Quatermain kutoka nje, na akionekana kutoka nje anageuka kuwa shujaa wa kawaida mwenye bunduki na kofia. Mtu wa ndani, yule mwoga mcheshi aliyetushika mkono kurasa zote zile, hayupo. Msomaji hutafuta rafiki yake ndani ya ukumbi, asimwone.

Filamu ya 1985, ambayo ndiyo iliyokuwa ikionyeshwa Kawangware, ina kioja zaidi. Miaka minne kabla yake Marekani ilikuwa imempata shujaa mpya, Indiana Jones, mtafuta hazina mwenye kofia na mjeledi. Wachambuzi wengi hukubali kwamba Indiana Jones ni mjukuu wa Quatermain kwa damu ya kifasihi. Basi kampuni ya Cannon, ilipoona mjukuu anapata mali, ilimwita babu na kumvalisha nguo za mjukuu. Quatermain wa Richard Chamberlain anaruka juu ya magari moshi, anakimbizwa na Wajerumani, anafanya mzaha na Sharon Stone. Hakuna jangwa la kiu. Badala yake kuna kabila linaloishi mitini likining’inia kichwa chini miguu juu, na kuna chungu. Chungu hicho ni kikubwa kama tangi la maji, na ndani yake mashujaa wetu wawili wanachemshwa pamoja na mboga, huku Waafrika wakikizunguka wakicheza ngoma.

Hapo ndipo mzee aliposimama.

Wengine wataniambia ni mzaha, na kweli filamu ilikusudiwa kuchekesha. Lakini tazama kilichobadilishwa na chungu hicho. Haggard alikuwa mtu wa dola ya Kiingereza; alikuwapo Pretoria bendera ya Uingereza ilipopandishwa Transvaal mwaka 1877, na marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu ukoloni wa fikra, alimweka miongoni mwa waandishi wa wazi wa ubaguzi. Sina ubishi na Ngũgĩ. Ukikisoma kitabu kwa macho ya leo utakutana na kurasa za kukutia aibu. Na bado, mwaka 1885, mkoloni huyo aliwaandikia Waafrika wa hadithi yake barabara, sheria, majeshi na mfalme mwenye maneno mazito kuliko ya Wazungu aliosafiri nao. Baada ya miaka 100 kamili, katika nchi ya Kiafrika iliyokuwa huru kwa miaka mitano, waliwekwa kando ya chungu. Msomaji wa Kawangware hakuwa na haja ya shahada kuliona hilo. Alilipa shilingi 20 kumwona Ignosi, akaonyeshwa sufuria.

Hasira ya namna hii ina historia ndefu kuliko tudhanivyo. Mwaka 1935 Robeson aliigiza katika filamu nyingine iliyotokana na vitabu, ‘Sanders of the River’, na miongoni mwa Waafrika waliokodiwa London kujaza nafasi za machifu na watu wao alikuwamo mwanafunzi aliyeitwa Jomo Kenyatta. Robeson aliamini kwamba filamu ingeonyesha utamaduni wa Afrika kwa heshima. Ilipotoka, akaona imegeuzwa sifa kwa utawala wa kikoloni, akaikana. Kama mwigizaji mwenyewe hakujua angeonekana akisema nini mpaka wengine walipomaliza kukata na kuunga, mtazamaji wa bei ya shilingi 20 atajuaje?

Tena filamu ya Kawangware haikuwa ya Cannon peke yake. Ilikuwa na sauti ya DJ juu yake. Kwa asiyejua, vibanda vya Kibera, Kawangware, Mathare na kwingineko vina mafundi wa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, na mashuhuri kupita wote ni DJ Afro, ambaye umaarufu wake umeenea kote nchini. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, na Uganda ina mafundi wake wa Kiganda wanaoitwa ma-VJ. Sauti ya asili hupunguzwa, msimulizi hushika usukani. Hatafsiri neno kwa neno. Huwapa wahusika majina ya mtaani, huwatabiria yatakayowapata, huwakaripia, na penye kimya hutia kisa chake. Sauti niliyoisikia siku ile ilimwita Quatermain “Mwalimu”, na Mjerumani mkuu ikambandika jina la cheo cha serikali ambalo sitalitaja hapa, na kila alipopigwa vijana walishangilia kwa namna ambayo haikuhusiana kabisa na Ujerumani.

Kwa hiyo vijana wale hawakuiona filamu ambayo mzee aliiona. Walikuwa na msimulizi, tena mcheshi, tena anayejua kuwa mvua ikinyesha Kawangware njia haipitiki. Ile sauti ya “mimi” ambayo kamera ilimnyang’anya Quatermain, DJ aliirudisha kwa mlango wa nyuma. Penye chungu, nikiri, alisema jambo la busara kuliko mtunzi wa filamu: aliuliza ni nani aliyenunua mboga zote zile kwa bei ya siku hizi. Kibanda kizima kikacheka, na kichekesho kikawa kile chungu chenyewe, si waliokizunguka. Mzee alikuwa ameshatoka, hakuyasikia hayo.

Mimi nilikaa hadi mwisho. Nilikuwa nikingoja jambo moja. Katika sura ya 19 ya kitabu, Ignosi akiwa amekwisha kutawazwa, anawaaga rafiki zake kwa kutangaza kwamba hatamruhusu mfanyabiashara yeyote wa Kizungu kuingia nchini mwake na bunduki na pombe, wala mhubiri wa kuwatia watu wake hofu. Ni wao watatu tu wanaokaribishwa, kwa urafiki. Ni hotuba ya ajabu kuandikwa na mtu wa mwaka 1885, mwaka ule ule mkutano wa Berlin ulipofungwa. Hiyo ndiyo fundi aliniambia baadaye kwamba aliivukia njia. Haikuja.

Wiki iliyofuata nilirudi kuvichukua viatu, nikamkuta msichana ameketi kwenye kiti cha wateja. Ni mjukuu wake, mwanafunzi wa Kidato cha Nne, anayeishi na mama yake Makina, Kibera, na huja Kawangware siku za mwisho wa juma kumsaidia babu hesabu zake. Mapajani alikuwa na kitabu kisicho na jalada, kilichoshonwa mgongoni kwa uzi wa viatu. Sikuwa na haja ya kuuliza ni kitabu gani.

Alikuwa ameitafuta filamu ile kwa simu ya mama yake, akaitazama yote, bila DJ, kwa sababu alitaka kujua babu yake alikasirikia nini. Nilitarajia aniambie kwamba wazee hawajui burudani. Badala yake aliniuliza swali ambalo mimi, kwa miaka yangu yote ya kukijua kitabu hiki, sikuwahi kujiuliza.

“Foulata yuko wapi?”

Nilijaribu kumweleza mambo ya urefu, sura 20 na dakika 100. Akanisikiliza kwa adabu.

“Wamepata nafasi ya mwanamke,” alisema. “Kwa hivyo nafasi ilikuwapo. Nafasi ni ya Foulata, wamempa mwingine.”

Kwa wasiomkumbuka, Foulata ndiye msichana ambaye Twala alitaka kumchinja kuwa sadaka baada ya ngoma ya wanawali, akaokolewa na Wazungu kwa hila ya kupatwa kwa jua. (Kwa njia, katika matoleo ya mwanzo ni jua, na baadaye Haggard akabadilisha kuwa mwezi, baada ya kugundulika kwamba mpangilio wa siku zake haukuwezekana mbinguni. Hata mwandishi hukihariri kitabu chake.) Foulata anamuuguza Kapteni Good, anampenda, anaandamana nao hadi kwenye chumba cha almasi. Gagool anapoifungulia ile jabali la mlango iwazike humo wakiwa hai, ni Foulata anayemkamata asitoroke. Kizee anamchoma kisu, kisha jabali linamponda Gagool mwenyewe. Foulata anakufa mikononi mwa Good, akisema afadhali iwe hivyo, kwa kuwa jua na giza haviwezi kuoana. Na Quatermain, msimulizi wetu mpendwa, anaongeza baadaye kwamba kifo hicho kiliwaepusha na matatizo.

Katika filamu za 1937, 1950 na 1985 Foulata hayumo. Mapenzi yaliyokatazwa na Haggard kwa kisu yalikatazwa na sinema kwa njia rahisi zaidi, ya kutomzaa kabisa mhusika. Mwanamke anapendwa, anaokolewa, anakumbatiwa mwishoni, lakini si yeye. Mzee alikuwa amekwenda kumtafuta Ignosi, msichana alikuwa amekwenda kumtafuta Foulata, na tofauti ni kwamba Ignosi angalau alikuwa ameachiwa kivuli: katika filamu ya 1985 Umbopa, ambaye humo anaitwa Umbopo, anafunuliwa kuwa chifu mwishoni.

Nikamuuliza kama kitabu basi kimemridhisha. Akatikisa kichwa. Kitabu nacho alikuwa na kesi nacho, na kesi hiyo haikuwa na Hollywood. Alinigeukia mimi, lakini maneno yalikuwa ya babu yake, aliyekuwa ameinamia kisigino cha mtu akijifanya hasikii.

“Hadithi hii babu alinisimulia nikiwa mdogo, kabla sijajua kusoma. Usiku, stima zikipotea. Kwake Foulata hafi. Anatoka chini ya jabali, anachukua almasi kwenye leso, anarudi kwao kwa miguu. Nimekuja kusoma sura ya 17 mwaka huu, nikaona amechomwa kisu. Nililia. Nikamuuliza, babu, si wewe ulisema filamu imebadilisha kitabu?”

Fundi hakuinua macho. Alikata uzi, akakipiga kisigino kwa nyundo mara mbili, akakitazama.

“Ulikuwa na miaka sita,” alisema. “Na stima zilikuwa zimepotea. Ningekuambia amekufa?”